Bati za Bwana Aminiel

Xaveria aliuza perege sokoni Babati, meza yake ikipakana na yangu ya nyanya. Wote tulimwita Mama Wolfgang, kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo liliniudhi, maana mimi nikikaa kimya naumwa.

Alishuka mjini kutoka Dongobesh baada ya kufiwa na mumewe. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji yake Romanus alikuja na watu wenye nyundo, wakang'oa bati zote za nyumba aliyoijenga na marehemu, wakaenda kuezeka kwa huyo huyo Romanus. Mali ya ukoo, walisema. Hakuna aliyemwambia ondoka. Walimwachia tu kuta na mvua. Alinisimulia mara moja, huku anapara magamba ya samaki, na hakurudia tena. Lakini kuanzia siku hiyo nilijua kila senti anayoweka inakwenda wapi. Alitaka nyumba ambayo hakuna mtu atakayekuja kumtoa.

Mwaka wa themanini na nne Bwana Aminiel, bwana shamba mmoja mtu wa Upareni, akapata uhamisho wa Songea. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga nyumba huko Nangara, pembeni mwa mji: vyumba viwili vya tofali za kuchoma, paa la mteremko mmoja, na bati mpya zinazong'aa mpaka barabarani. Hajalala humo hata siku moja, na sasa anaiuza. Na siku hizo bati lilikuwa habari nyingine kabisa. Ikiwa sabuni ya kufulia tu tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, bati ulipata kwa kibali, na kibali ulipata kwa kujuana.

Tulikwenda kuiona Jumapili baada ya misa. Tulikuwa yeye, mimi kama shahidi wake, na Mzee Paskali, balozi wa nyumba kumi, maana bila balozi mauzo hayo yangekuwa maneno ya barabarani. Ardhi yenyewe haikuwa na bei, ni ya serikali. Ulilipia kilichosimama juu yake. Kwa hiyo Bwana Aminiel akatuzungusha akigonga kila kitu kwa kidole: ukuta, fremu, mlango, choo. Kisha akataja bei. Nilitaka kucheka, nikamwangalia Mama Wolfgang, nikaacha.

"Nipunguzie, Bwana shamba," alisema. "Mimi mjane, nauza samaki."

"Na mimi nina watoto, mama. Hebu tazama juu. Bati kama hizo utazipata wapi Babati hii?"

Wakavutana. Huyu anapanda kidogo, yule anashuka kidogo, mpaka wote wawili wakakwama. Ndipo Bwana Aminiel akatoa lile neno.

"Sikiliza, mama. Kama bei inakushinda, nipe nusu yake. Lakini bati zangu naondoka nazo."

Nikaingilia. "Wewe baba, unamuuzia mtu kuta? Huoni haya?" Nikamshika Mama Wolfgang mkono tuondoke. Nilijua anakumbuka nini, nikaogopa asije akalia mbele ya yule bwana. Hakusogea. Alikuwa ametazama juu, lakini hatazami bati, anatazama boriti.

"Mbao za paa zinabaki?" akauliza.

"Zinabaki."

"Basi toa bati zako."

Bwana Aminiel akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mama, nilikuwa nakuonyesha tu thamani yake."

"Umetaja bei mbili mbele yangu," Mzee Paskali akamwambia. "Mama amechagua moja. Sasa, mwanangu, unauza au huuzi?"

Lori la kumhamisha lilikuwa linaondoka wiki ile ile. Akauza.

Nilimnunia Mama Wolfgang njia nzima. Tulipofika karibu na soko nikashindwa. "Umenunua zizi," nikamwambia.

"Nimenunua nyumba, Mama Ombeni. Paa nitaweka mwenyewe."

Bati ziliposhushwa, akawaita wanawake wenzake wa Kimbulu waliokuwa wanalima kule Nakwa. Walisimamisha nguzo ndani ili zibebe uzito, wakapanga fito juu ya mbao, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo uliolowekwa, wakaukanyaga kwa miguu huku wanaimba. Tembe, kama walivyojenga babu zao, ila juu ya tofali za kuchoma. Wapita njia walisimama kutazama. Ilikuwa kama bwana harusi aliyevaa suti na kandambili. Na mimi nilicheka, huku nimebeba ndoo ya udongo kichwani. Masika ilipokuja, paa lilivuja upande wa mlangoni. Akapanda, akaongeza udongo, likatulia.

Baada ya mavuno, Romanus akaja. Alikuwa amesikia huko Dongobesh kwamba shemeji yake amenunua nyumba ya bati Nangara. Siku hiyo nilikuwa pale, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Aliingia, na kabla hajaketi, kabla hajauliza mtoto anaendeleaje shuleni, aliinua macho juu.

Alitazama muda mrefu.

"Niliambiwa ni ya bati," akasema.

"Ilikuwa nazo. Nilimwambia mwenyewe aziondoe."

"Uliacha bati? Wewe una akili kweli? Watu wanazitafuta nchi nzima!"

Mama Wolfgang alimmiminia chai ya rangi, isiyo na sukari kwa sababu sukari haikuwepo mjini, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili, kama mgeni anavyostahili.

"Bati zinabebeka, shemeji," akamwambia.

Romanus aliinywa chai ile yote mpaka chini. Hakutazama juu tena.