Lawama kwa Waziri wa Amani

Kule tunachajia simu, hapa Bunia, mvua ilikuwa inanyesha polepole kama inaota. Mama mumoja karibu yangu alikuwa anaongoza bunge mu telefone, la inchi ya muchezo, ya kujitungia tu, ambayo raia wake hawajaonana hata siku moja. Walikuwa wanapiga kura ya lawama juu ya waziri wa amani, sababu alikosa vikao tatu. Ikapita.

Ndipo waziri akaandika, mama akasoma kwa sauti: “Munisamehe. Vita ilitufukuza kwetu Djugu, simu ikazimika mu pori. Lawama ninaikubali.”

Mama akafunika simu na kiganja.

“Si muifute?” nikamuambia.

“Hapana, muzee. Mwenyewe ameikubali.”

Nikaangalia mvua, kisha nikamuuliza: “Inchi yenu inapokeaka wakimbizi?”