Fisi Niliyepewa Kumtazama

Kwenye mafunzo ya likizo ya uhifadhi, katika bustani ndogo ya wanyama nje ya Bariadi, kila mwanafunzi alipewa mnyama mmoja wa kumtazama. Wenzangu walipata pundamilia, kobe, nyani. Mimi nikapewa fisi jike, mzee, mwenye sikio lililochanika.

Kwetu Kasoli fisi ni kipando cha wachawi, na wanaosoma biolojia nao wanalijua hilo. Jioni ya kwanza bwenini, msichana kutoka Maswa alisogeza godoro lake mbali na langu.

"Dada, usafiri wako umeufunga vizuri?"

Wakacheka. Nami nilicheka, ila nilichelewa, kicheko changu kikabaki peke yake.

Nikajificha kwenye kazi. Mwalimu alikuwa ametuonya: usimwite mnyama, usiongee naye, tunataka kujua anaishije, si anakufanyia nini wewe. Habari za tabia za wanyama nilijifundisha mwenyewe kwenye simu ya kaka, na niliogopa kukosea kuliko nilivyomwogopa fisi. Mstari wa jedwali nililoandikia matendo yake ukipinda kidogo, nililichora lote upya.

Lakini ikaja asubuhi ambayo hakuna aliyenisalimia tangu kuamka. Nilipofika kwenye wavu wa banda, salamu ikanitoka yenyewe.

"Mwangaluka."

Nilimwamkia fisi kwa Kisukuma, kama ninavyomwamkia bibi. Akainua kichwa. Kesho yake nikamwamkia tena. Ikawa akisikia ndala zangu tu, anakuja wavuni.

Mwalimu akaona. "Huyu hushinda nyuma ya mawe. Umemfanya nini?"

"Namsalimia, mwalimu."

Hakunigombeza. "Basi hapo unajitazama mwenyewe. Ukitaka kazi yako ifae, nyamaza."

Nilitaka ifae. Asubuhi iliyofuata alikuja, akasimama, masikio mbele. Nilibana midomo. Jedwali lilikuwa na kulala, kula, kutembea, kusimama. Kusubiri hakukuwemo. Nikaandika "amesimama", kwa mwandiko mzuri, mpaka akageuka akaenda zake.

Siku chache baadaye hakuja tena. Jedwali langu likawa safi, mwalimu akawaonyesha wote, na yule msichana wa Maswa akapiga makofi kama wengine.

Asubuhi ya kuondoka nilipita wavuni bila kalamu, nikasema mwangaluka. Nikarudia kwa sauti zaidi, hata kama wenzangu wangenisikia. Nyuma ya mawe hakikutikisika kitu.