Uzito wa Kushukia

Mume wangu ni fundi wa lifti, na ukitaka kujua adha ya kuolewa na fundi wa lifti, ngoja umeme ukatike. Yeye ndiye aliyechagua tukae ghorofa ya saba, ya juu kabisa, katika jengo ambalo kila mwenye akili timamu anagombania ghorofa ya kwanza. Alisema mashine ya lifti iko juu ya dari letu, ikinguruma vibaya ataisikia hata akiwa kitandani. Nikamwambia nimeolewa na yeye, sikuolewa na mashine. Alicheka, akapandisha masanduku.

Tuko ugenini kwa sababu ya kazi yake. Nyumbani wanatuita "wale walio nje," kwa heshima kabisa, utadhani nje ni mahali pa kupunga upepo. Mwenzangu anashinda na grisi mpaka viwikoni, mimi nashona mapazia na kupunguza suruali za majirani. Wakubwa zake kazini, ambao nao ni wageni kama sisi ila wa daraja jingine, walikuwa na nyumba za bustani na madereva. Uchaguzi ulipozua mzozo na watu wakaanza kuchoma matairi barabarani, wakubwa walipandishwa ndege kabla moshi haujafika kwao. Mume wangu alipata ujumbe wa simu: aendelee kuchukua tahadhari. Nilitaka kumjibu bosi kwamba tahadhari yote ameondoka nayo yeye kwenye begi, lakini mume wangu akaninyang'anya simu.

Kuishi katika machafuko ya watu wengine kunachosha kuliko kunavyotisha. Si ugomvi wako, hukupiga kura, hutakiwi kuwa na maoni, lakini duka linalofungwa ni lile unalonunua wewe, na bomba linalokauka ni la jikoni kwako. Ukilalamika, majirani wanakwambia nyinyi mna kwenu pa kukimbilia. Ukipiga simu huko kwenu, wanakwambia rudini, mnang'ang'ania nini? Halafu hapohapo wanauliza kama ile simu uliyomwahidi binamu umeshaituma. Nilikuwa nimefika mahali nikisikia simu inaita, meno yananiuma.

Na juu ya hayo yote, mama yangu alikuwa kwetu.

Alikuja kutusalimia kwa wiki chache tu. Nyonga yake moja imetiwa chuma, kwa hiyo siku aliyofika alipanda kwa lifti, akiisifia njia nzima na kusema mkwe wake ana kazi ya maana. Vurugu zikamkuta hapo. Zilipoanza tu, mume wangu alifuata kanuni ya kazi yake: alipandisha lifti mpaka juu, akaizima, akaifunga, ili mtu asije akakwama ndani. Umeme ukakatika kweli. Jenereta la jengo halikuwa na mafuta, na mlinzi alikuwa ameshakwenda kwao. Mama akabaki juu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Hilo tungelivumilia. Kilichoniondolea usingizi ni vidonge vyake vya presha. Vilikuwa vinaisha, na maduka yote ya dawa ya mtaani yalikuwa yameteremsha milango ya chuma. Alianza kuvikata nusu bila kuniambia. Siku nilipomkuta na kisu cha jikoni mkononi na kidonge kwenye sahani, nilimfokea kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumpazia mzazi wake, kisha nikajifungia bafuni nikalia.

Ndipo ubalozi wetu ulipokumbuka kwamba tupo. Ujumbe uliingia asubuhi: basi litasimama kwenye kituo cha mafuta, pale kwenye kona ya mtaa wetu, na askari watalisindikiza hadi uwanja wa ndege. Barabara ikitangazwa kuwa wazi, basi linaondoka, halimsubiri mtu. Tulikuwa na nafasi tatu, na ndani ya basi kutakuwa na muuguzi. Nilifunga masanduku nikiimba. Nilipomaliza nikamtazama mama, nikautazama mlango wa ngazi, wimbo ukaniishia mdomoni.

"Nitambeba mgongoni," mume wangu akasema.

Mama alishtuka utadhani ametukanwa. "Nani abebwe?"

"Wewe, Mama. Ngazi ni nyembamba, kiti hakitazunguka kwenye kona."

"Baba, nakuheshimu sana, na Mungu anajua. Lakini kupanda mgongoni kwa mkwe wangu, hapana. Sijafikia huko."

"Mama, ni ngazi tu," nikadakia. "Jengo lenyewe limebaki karibu tupu. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona."

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamtajia vidonge. Akasema atashuka mwenyewe kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine. Alishuka chache, uso ukabadilika rangi kwa maumivu, nikamvuta kumrudisha juu mimi peke yangu, huku mume wangu amesimama pembeni, mikono nyuma, ameugeuzia ukuta uso kwa adabu. Damu ilinichemka. Watu wazima wawili, wanaheshimiana mpaka mmoja wao afe!

Mume wangu akawa anafikiri. Akifikiri hufuta viganja kwenye suruali, viwe vichafu visiwe. "Lifti inaweza kushuka bila umeme," akasema.

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Haishuki hivihivi. Inataka watu."

Akanieleza. Upande wa pili wa kamba za lifti unaning'inia mzigo mkubwa wa vyuma. Lifti ikiwa tupu, au ikiwa na watu wawili watatu, vyuma vile vinaizidi uzito, kwa hiyo ukilegeza breki kule juu kwenye chumba cha mashine, lifti inapanda badala ya kushuka. Ili ishuke, walio ndani lazima wavizidi vyuma. Mama peke yake, na mwili wote aliojaliwa, hakutosha. Mama na mimi hatukutosha. Na katika ghorofa yetu ulibaki mlango mmoja tu wenye watu nyuma yake.

Ulikuwa wa Bwana Redio. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu redio yake ilitangaza kutwa nzima kwamba hali ni shwari, kwa sauti ya kuzima mabomu ya machozi yaliyokuwa yakilia nje. Yeye ana pumu, mkewe ana magoti mabovu, na tangu lifti ifungwe mahitaji yao walikuwa wakiyapandisha kwa kikapu na kamba kupitia dirishani. Salamu zetu alikuwa haitikii. Kwake yeye, vurugu zilikuwa za wanasiasa, lakini lifti ilifungwa na wageni.

"Mzee, tumekuja kukuomba uzito wako," nikamwambia, maana sikuwa na muda wa kuzunguka.

"Uzito wangu umekukosea nini, binti?"

Mume wangu akamweleza habari za vyuma, taratibu, mpaka nikatamani kumfinya. Bwana Redio alisikiliza yote, akauliza swali moja.

"Na kupanda je? Nyinyi mkishafika chini mnaingia kwenye basi lenu. Sisi tutabaki tunaangalia ngazi."

"Nitawapandisha kwanza, ndipo niondoke," mume wangu akasema. "Mkiwa wawili tu na lifti haina mzigo, itapanda yenyewe nikilegeza breki. Nakuahidi, Mzee."

Mkewe akatokea akiwa amekwisha kuvaa viatu vya kutokea. Kumbe muda wote alikuwa nyuma ya mlango.

Tukapakia. Tuliingiza madumu ya maji, mtungi wa gesi, cherehani yangu, masanduku yetu, kisha sisi wenyewe. Mume wangu alinionyesha kigurudumu cha kusukuma ili mlango ufunguke kwa ndani, akanipa nyundo ya kugongea tukifika, akapanda kwenye mashine yake. Mama yangu, aliyekataa mgongo wa mkwe, sasa alikuwa amebanwa kifua kwa kifua na Bwana Redio katikati ya mtungi na cherehani.

"Samahani sana, mama," Bwana Redio akasema, akijaribu kurudi nyuma pasipo na nyuma.

"Usijali," mama akajibu. "Wewe si mkwe wangu."

Lifti ikashtuka, ikashuka kidogo, ikasimama. Ikashuka tena, ikasimama. Mke wa Bwana Redio alikuwa akisali kwa kunong'ona, mimi nikimulika kwa simu, na kila breki iliposhika, madumu yalicheuka maji miguuni petu. Nilikuwa naogopa, nakiri. Lakini zaidi ya hofu nilikuwa nimechoka kwa hasira ya kwamba kumpeleka mama kwenye dawa kunahitaji mambo yote haya. Hatimaye tukakaa sawa na sakafu ya chini. Nikasukuma kile kigurudumu, mlango ukaachia, mwanga wa mchana ukaingia. Nikagonga nyundo.

Kupitia lango la jengo tuliliona basi, likiwa linanguruma.

"Dakika moja tu," Bwana Redio akasema, akikanyaga sakafu ya chini kwa mara ya kwanza tangu fujo zianze. "Nitazame kama kuna mkate."

Kabla sijafumbua mdomo alikwisha kukata kona. Nilimgeukia mkewe. Alikuwa ameketi juu ya dumu, anajipepea. "Dakika zake mimi nazijua," akasema kwa huzuni.

Nilimpeleka mama kwenye basi, tukijikongoja. Muuguzi, mwanamke mnene wa kwetu mwenye sauti ya kuamrisha, alimpokea mlangoni, akampima presha, akampa kidonge kizima na maji. Nilingoja mpaka nikaona amekimeza. Nikarudi mbio kwenye lifti, nikatoa madumu, mtungi na kila kilichokuwamo, kisha nikaweka mdomo kwenye upenyo kati ya lifti na ukuta.

"Shuka! Basi linataka kuondoka!"

Sauti ya mume wangu ilikuja kutoka mbali huko juu. "Wazee wameshaingia kwenye lifti?"

"Mama yuko ndani ya basi! Mzee amekwenda kutafuta mkate!"

"Basi namngoja."

"Unamngoja? Una wazimu wewe? Si atapanda ngazi!"

"Ana pumu. Nilimwahidi."

"Na mimi uliniahidi nini?"

Hakujibu. Hicho ndicho kinachonimaliza kwa mtu huyu. Ukimpigia kelele hanyanyui sauti, anakuacha ujisikie mwenyewe. Nilimtukana kupitia ule upenyo, nikamwita kichwa maji, nikamwita mtumwa wa mashine. Mke wa Bwana Redio akajifanya anatazama kucha zake. Nje, basi likapiga honi.

Nilipofika mlangoni pa basi, askari alikuwa ameshika mkono wa mlango. "Anayepanda apande," akasema.

Mama alikuwa dirishani. "Mumeo yuko wapi?"

"Juu."

"Juu anafanya nini?"

"Ameshika breki, Mama. Anawasubiri wale wazee awapandishe."

Nilimwona akihesabu mambo kichwani, na sikutaka afike mwisho wa hesabu yake. "Ingia, mwanangu," akasema, lakini kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayejua jibu. Muuguzi akaniambia nisiwe na wasiwasi, mama atakaa naye mpaka wapokewe. Nilipitisha mkono dirishani, nikamshika shavu. Nikamwambia akifika anywe dawa nzima, asithubutu kukata.

"Wewe mtoto!" mama akasema, akaanza kulia.

Askari akafunga mlango. Basi likaondoka na magari mawili ya askari mbele, likapita kwenye majivu ya matairi, likapotea. Nilibaki kituo cha mafuta nikiwa nimekunja ngumi, sijui nimpige nani.

Bwana Redio nilimkuta mbele ya lifti, anahema, uso umechangamka, mikate miwili kwapani. "Binti! Vipi, basi bado halijaondoka?"

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu, na sitasema uongo, nilifikiria. Mkewe akamnyang'anya mikate, akanipa mimi mmoja, akamvuta mumewe ndani bila kumweleza kitu. Nikaingia nikasimama nao. Nikafunga mlango, nikagonga, nikapaza sauti kwenye upenyo.

"Tayari! Tuko watatu!"

"Watatu? Wa tatu nani?"

"Mimi."

Kisha akauliza, polepole, "Kwa nini hukupanda basi?"

"Kwa sababu nina hasira na wewe!" nikapiga kelele, na sauti ikanikatika. "Nikifika kule nitagombana na nani?"

Nilisikia breki ikilegea, na lifti ikaanza kutupandisha.