Mtu Aliyeungua kwa Namba ya Baba

Sabuni mbichi, ikiwa bado ina joto, haina harufu ile mnayoijua ninyi mnaoinunua imekauka dukani. Ni harufu nzito ya mawese yaliyopikwa, na nyuma yake kuna kitu kinachochoma puani, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Juzi nilipita sokoni hapa Kamina nikamkuta mama mmoja anakata miche kwa waya, mvuke ukitoka kila waya ulipopita, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Mama yule alidhani nataka kununua. Akanikatia kipande, nami nikakichukua kwa sababu sikujua la kumwambia.

Ninyi nitawaambia. Ila itabidi nianze mbali kidogo, maana jambo lenyewe halieleweki mpaka mtu aelewe kwanza jinsi kiwanda kilivyokuwa kinaendeshwa.

Ng'ambo ya reli palikuwa na kiwanda cha mafuta na sabuni ambacho siku hizi kimebaki kuta tu. Mawese yalikuja kwa baiskeli kutoka vijijini, yakapikwa kwenye mapipa makubwa ya chuma pamoja na soda kali ambayo wafanyakazi waliiita kostike. Kostike inakula. Inakula nguo, inakula ngozi, inakula hata mpini wa mwiko ukiuacha ndani. Baba yangu, Ilunga, alikuwa mkorogaji wa pipa la pili. Mwiko wake ulikuwa mrefu kuliko yeye mwenyewe, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kazi yake ni kuwapikia majitu bukari, yaani ugali.

Kiwandani kulikuwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wenye namba. Hao walipewa kibati cha shaba chenye namba, na majina yao yaliandikwa kwenye daftari kubwa. Akiugua mmoja wao, au mkewe, au mtoto wake, alitibiwa katika zahanati ya kiwanda iliyokuwa humo humo ndani ya ua. Wa pili walikuwa vibarua. Walisimama mlangoni asubuhi, na kapita, yaani msimamizi wao, akawachagua kwa kidole. Kibarua hakuandikwa popote. Jioni alipotoka ilikuwa kama hakuingia.

Kati ya hao wawili ilizaliwa desturi tuliyoiita kuvaa namba. Mwenye namba akikosa kazi siku tatu bila ruhusa, jina lake lilifutwa, na ruhusa ilikuwa haipatikani hata kwa msiba. Basi alimpa jirani kibati chake. Jirani akaingia, akafanya kazi yake, akaitika jina lake. Kapita alijua. Alipelekewa samaki wakavu wawili watatu, na macho yake yakapungua nguvu kwa siku chache.

Nyanya yangu alipofariki kule Kabongo, baba alikwenda kuzika na kumwachia kibati jirani yetu Kisimba. Kisimba na mkewe walikuwa watu wa Sanga, kando ya ziwa Kisale, waliokimbia miaka ile wanamgambo walipokuwa wanasumbua upande wa Malemba-Nkulu. Kwao alikuwa mvuvi. Hapa Kamina alikuwa mmoja wa wale wanaochaguliwa kwa kidole. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita Kisimba. Alikuwa na binti mmoja, Umba, rafiki yangu, tuliyelingana naye miaka tisa, na mtaa mzima ulimwita Baba Umba.

Siku ya pili tangu baba aondoke, mchana, mama alikuwa anafua. Akaja mtu wa kiwandani, akasimama mbali kidogo na beseni.

"Mama Ngoie," akasema, "bwana yako ameungua."

Ngoie ni mimi. Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake polepole sana. Kisha akanishika tukaenda.

Mtu aliyelala pale kitandani alifungwa bendeji kichwa chote mpaka kifuani, pakaachwa tundu la mdomo tu. Pipa lilikuwa limefurika likamrukia usoni. Muuguzi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alishika karatasi.

"Namba mia mbili kumi na ine. Ni bwana yako?"

Mama hakutazama bendeji. Alitazama miguu. Ilikuwa miguu mipana, vidole vimeachana, miguu ya mtu aliyekulia ndani ya mtumbwi. Nilihisi vidole vya mama vinanibana mkono.

"Njo yeye," akakubali.

Tulipokuwa tunarudi alinieleza mara moja tu. "Ningesema hapana, bangemutupa inje saa ile ile. Ku hopitali kubwa hawamugusi mutu mbele ya kulipa. Basi weye utamuita Baba. Usiseme Baba Umba, useme Baba tu. Umesikia?"

"Na Baba yetu?"

"Baba yetu iko Kabongo. Akirudi tutaona."

Baba alirudi siku ya nne, na kwa kuwa daftarini alikuwa amelazwa zahanati, hakuweza kuonekana. Akafichwa chumba cha ndani. Chooni alikwenda akiwa amevaa kitenge cha mama na kujitanda kitambaa hadi machoni. Bibi mmoja wa jirani alimkuta njiani akamsalimu, "Yambo, mama," naye baba akamjibu kwa kukohoa. Tulicheka mpaka mama akatutupia ufagio. Baba mwenyewe hakucheka. Siku nzima alikaa kwenye kigoda akiitazama mikono yake, na kila niliporudi kutoka zahanati aliniuliza swali lile lile: "Ameongea?"

Maana mimi nilikwenda kila siku. Kadi ya kuingilia ilisema mke mmoja na mtoto mmoja, kwa hiyo waliweza kuingia mama na mimi peke yetu. Uji na mchuzi wa samaki alipika Mama Umba nyumbani kwake, kwa mkono ambao mumewe aliuzoea, akaweka ndani ya sufuria yetu ili walinzi waone sufuria wanayoijua. Umba alitusindikiza mpaka mlangoni. Hapo akakaa juu ya jiwe karibu na kibanda cha mlinzi na kutungoja, na tulipotoka alisimama kabla hatujamfikia.

"Amekula?"

"Kidogo."

"Ameniuliza?"

"Bado."

Jibu hilo lilikuwa kweli. Siku za mwanzo hakusema lolote. Mama alimlisha uji kwa kijiko, nami nilisimama penye miguu nikasema nilivyofundishwa: "Yambo, Baba. Baba, ni minyi." Ile ya kwanza ilinitoka kwa taabu. Ya tatu ilitoka yenyewe. Lazima niwaambie na hili, ingawa halinipambi: nilianza kuipenda kazi hiyo. Muuguzi alinisifu mbele ya wagonjwa wengine. "Muangalie huyu mutoto," alisema, "namna anapenda baba yake." Nyumbani kwetu hatukusifiwa hivyo. Nilianza kuosha uso vizuri kabla ya kwenda, na kusema "Baba" kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho.

Siku ya tisa mama alishikwa na homa, akaniambia niende peke yangu. Tulipokaribia kiwanda, mlinzi aliyekuwa mlangoni alikuwa mgeni. Hatukuwahi kumwona, naye hakuwahi kutuona. Umba alilitambua hilo kabla yangu. Akanivuta mkono.

"Leo niende minyi. Unipe kadi."

"Hapana."

"Huyu mulinzi hatujue sisi. Sisi wote tuko na nywele moja, gauni moja. Nitaita Baba tu, sitasema kingine."

"Mama alinikataza."

"Mama yako haiko hapa."

"Muuguzi ananijua minyi," nikasema.

"Muuguzi anakula saa hii. Ngoie. Dakika moja tu."

Alikuwa ameshanyoosha mkono. Kiganja chake kilikuwa na alama nyekundu za jiwe alilokuwa akilikalia na kuliegemea kwa mikono siku zote zile. Ningeweza kuwaambia kwamba niliogopa, na kweli niliogopa kidogo. Lakini palikuwa na jambo jingine: sikutaka mtu mwingine asimame mahali pangu. Nikapita na kadi yangu na chakula cha mama yake.

Muuguzi hakuwepo, kama alivyosema Umba. Ndani palinukia dawa na sabuni. Kwa kuwa hapakuwa na wa kunisifu, nilisema kwa sauti ya chini, "Yambo, Baba," na kwa mara ya kwanza kichwa kile cheupe kiligeuka.

"Umba?"

Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nilitazama kushoto na kulia. Wagonjwa wawili walikuwa wamelala.

"Umba. Ni weye?"

"Ndiyo, Baba."

Alinyoosha mkono, nikampa wangu. Akaushika, akapitisha kidole gumba juu ya kiganja changu.

"Umechelewa sana," akasema. "Siku zote hizi nasikia tu huyu mutoto wa Ilunga. Juu ya nini ulichelewa?"

Nawaomba mnielewe, nilikuwa na miaka tisa. Kutoka kitandani hadi mlangoni palikuwa na hatua kama sitini. Jibu la kweli lilikuwa limekaa juu ya jiwe.

"Nilikuwa njiani, Baba," nikasema.

"Sawa," akasema. "Sasa umefika. Kaa."

Nikakaa. Hakuniachia mkono mpaka kengele ya mchana ilipolia. Nilipotoka Umba alisimama, akauliza kama kawaida: "Ameniuliza?" Nami nikamjibu, "Bado."

Alfajiri ya siku ya kumi alikufa.

Kiwanda kilimtengenezea jeneza, kama kilivyowafanyia wote wenye namba, na juu ya msalaba wakaandika ILUNGA kwa rangi nyeusi. Habari ilipofika nyumbani baba alitoka chumba cha ndani. Hakujitanda kitenge. Alivaa shati lake la misa, akatoka kupitia mlango wa mbele mchana kweupe, nami nikamfuata. Mlinzi wa zamani, aliyemjua miaka mingi na kusikia kifo chake asubuhi ile, aliangusha kikombe cha chai akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usiogope," baba akamwambia. "Minyi njo Ilunga. Ule mufu ni Kisimba. Nataka baandike jina yake."

Kapita alikuja mbio, akamshika bega, akamvuta pembeni. Nilisikia kila neno. "Rudia nyumbani, ndugu. Ukae mufu hivyo hivyo. Juma ijayo nitakutafutia namba ya mutu mwingine."

"Kisimba baandike jina yake," baba akarudia.

Wakaandika, ila si kwenye msalaba. Waliandika kwenye daftari kwamba namba 214 imefutwa kwa sababu ya udanganyifu. Kuhusu marehemu walisema hawamjui, kwa hiyo jeneza si lake. Lilirudishwa stoo. Tulimzika Kisimba ndani ya mkeka wa nyumba yake, chini ya ubao ambao baba aliuandika mwenyewe kwa mkaa, na Mama Umba alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu, ingawa hakujua kusoma. Kwa nini baba hakutoka siku sita mapema? Alisema ni kwa sababu Kisimba angetupwa nje. Hiyo ni kweli. Alikuwa anaipenda pia kazi yake. Sikuwahi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa na uzito zaidi, na nadhani naye hakujua.

Siku hizi kazi yangu ni kuzungukia watu wanaofanya kazi za siku hapa mjini: wabeba mizigo wa stesheni, wavunja mawe, wasichana wa kazi za nyumbani. Nawaeleza kwamba mtu akiingia kazini aandikwe jina lake siku ile ile, hata kama ni kazi ya siku moja, na kwamba sheria iko upande wao kuliko wanavyodhani. Mara nyingi hucheka. "Mama," waliniambia wavunja mawe, "jina inakuliwa?" Sikasiriki. Nakaa nao juu ya mawe yao, naeleza tena toka mwanzo, na yupo daima mmoja anayeacha kucheka na kuanza kuuliza maswali. Kwa huyo mmoja narudi kesho yake.

Lakini habari ya mkono ule sikuwahi kumwambia mtu, hadi mwaka jana nilipokwenda kumtafuta Umba. Anauza samaki karibu na stesheni. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwambia yote, nikiwa nimesimama juani mbele ya meza yake.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliuliza juu ya nini nilichelewa?"

"Ndiyo."

"Na hukumuambia kama niko ku mulango."

"Hapana," nikasema.

Akaanza kugeuza samaki wake, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa safu. Alipomaliza akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei, "Basi alikufa akijua nilichelewa."

Kwa miaka yote ile nilijifariji kwamba nilimpa mtu anayekufa binti yake. Pale mbele ya samaki ndipo nilipoelewa. Binti yake alikuwapo, alikuwa hatua sitini kutoka kitandani, na hakuna aliyekosa sababu nzuri ya kumwacha nje. Mama alikuwa na sababu. Baba alikuwa na sababu. Hata kapita, ukimuuliza, angekuwa nayo. Mimi pia nilikuwa na yangu, na mtu yule aliushika mkono wangu, kisha akafa akidhani amechelewa mtoto ambaye alikuwa ameshafika.