Namba Zilizochanganywa kwenye Beseni la Dada

Beseni lilikuwa la bati, jeupe, lenye maua mekundu yaliyobanduka ukingoni, na dada yangu alikuwa akioshea ulezi humo. Nililiazima asubuhi tuliyofika kijijini kwetu Mpui kuchukua damu za utafiti. Nikamwaga ndani yake vibandiko vya namba, mamia, nikavikoroga kwa mkono kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Dada alisimama mlangoni, khanga kiunoni, akaniuliza kama huo ndio usomi nilioufuata Ulaya. Nikacheka. Nilijivunia sana beseni lile.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na mradi wangu wa kwanza: kusoma chembe za urithi za wanawake wa Ufipa wenye saratani ya titi, na kuzilinganisha na za majirani zao wazima. Kila mwanamke alipewa namba badala ya jina. Vibandiko vilichanganywa ili hata mimi nisiweze kukisia, kwa kufuata foleni, damu ipi ni ya nani. Orodha ya kuunganisha namba na majina ilifungiwa kabatini kwa mwenzangu mmoja, na ufunguo alikaa nao yeye. Kwenye fomu ya ridhaa niliandika sentensi moja niliyoihangaikia wiki nzima: mshiriki hatarudishiwa majibu yake. Sababu niliiona ya maana. Wakati ule hatukuwa na utaratibu wowote wa kumsaidia mtu mzima anayebeba hitilafu ya kurithi, na kumpa mtu habari asiyoweza kuifanyia kitu niliona ni ukatili. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, najiona najua kila kitu.

Tatizo, hakuna mwanamke aliyetaka kutangulia. Mmoja aliuliza kwa Kifipa, akidhani nimeshasahau lugha, damu hiyo inakwenda kunywewa na nani. Nikamgeukia dada. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki akijifungua; aliacha shule darasa la sita ili mimi nisiache. Sikuwahi kumwomba jambo akakataa, na nilijua hivyo, nikalitumia. Alikunja mkono wa blauzi, akakaa kwenye kiti mbele ya muuguzi, akawaambia wenzake kwamba sindano ya kuchanjia ng'ombe ni kubwa kuliko hiyo. Wakacheka, foleni ikajipanga. Muuguzi akabandika namba kwenye kichupa cha damu yake, na namba hiyohiyo kwenye kikaratasi, akamwambia akitunze. Mimi niligeukia ukutani, maana kanuni ilitaka nisione namba ya ndugu yangu. Hata hilo nilijisifia.

Majibu ya maabara yalichukua zaidi ya mwaka. Kwenye kundi la majirani wazima, namba 217 ilibeba hitilafu katika jeni ambayo kazi yake ni kurekebisha chembe za urithi zinapoharibika. Mwenye hitilafu ile anaweza kuishi bila kuugua, lakini hatari yake ya kupata saratani ya titi ni kubwa mno. Mwenzangu mwenye ufunguo alipendekeza twende kwenye kamati ya maadili, tuombe ruhusa ya kumtafuta mama huyo, walau awe anapimwa matiti kila mwaka hospitali ya Mbeya. Nilimjibu kwamba tuna makala ya kumaliza, na tukifungua kwa mmoja tutalazimika kufungua kwa wote. Akarudi kwenye kompyuta yake. Namba 217 nikaiweka kwenye jedwali la tatu. Nilisafiri nayo kwenye mikutano, nikaionyesha ukutani imezungushiwa duara jekundu, na watu wakanipigia makofi.

Sikuwaza hata mara moja kwamba angeweza kuwa mtu wetu. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyejulikana kuugua titi. Lakini baba alizaliwa peke yake, na hitilafu kama hizi hupita kwa wanaume kimyakimya mpaka zimfikie binti. Hilo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi.

Miaka minne baadaye, mwezi wa kuvuna mahindi, dada alinipigia simu. Aliulizia watoto, kazi, joto la Dar es Salaam, ndipo akasema kuna kitu kigumu kwenye titi lake, kimekuwepo tangu msimu wa kupanda. Hakutaka kunisumbua kwa kuwa ninashughulika na wagonjwa. Mimi sijawahi kushughulika na mgonjwa hata mmoja. Nashughulika na vichupa. Nilipofika Sumbawanga na kumpeleka hospitali, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa.

Aliishi mwaka mmoja. Siku moja nilikuwa namnywesha uji, akanishika kifundo cha mkono.

“Hii si ndiyo kazi yako?” aliniuliza, bila lawama, kama anayeulizia njia.

Nilimwambia ndiyo, bado tunatafuta.

“Basi tafuteni vizuri,” akasema, “usichoke, mdogo wangu.” Akamalizia uji wake wote ili nisihuzunike.

Tulimzika Mpui, upepo wa Julai ukipiga mpaka padri akashikilia kitabu kwa mikono miwili. Siku tulipoanua matanga, binti yake wa pekee, fundi cherehani wa Katandala mjini Sumbawanga, alikuwa ndani akipanga vitu vya mama yake. Katika kitabu cha nyimbo za kanisani alikuta kikaratasi. Akanifuata uani, nilikokuwa nikisuuza vikombe kwenye beseni lilelile la maua mekundu.

“Mama mdogo, hiki ni cha nini? Mama alinikataza kukitupa. Alisema ni cha kazi yako.”

Ilikuwa 217.

Sikuhitaji ufunguo wa kabati la mtu. Nilikaa chini kwenye maji niliyoyamwaga, nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa hata kaburini. Majirani wakaja wakidhani ni uchungu wa msiba, wakanishika mabega, wakaniambia pole, pole, na kila pole ilinitia aibu. Miongoni mwao alikuwemo yule aliyeuliza nani atakunywa damu.

Walipoondoka nilimweleza binti yule kila kitu. Nilimweleza jedwali, duara jekundu, na siku niliposema tuna makala ya kumaliza. Nilimwambia kwamba mtoto wa mwenye hitilafu hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kwamba anayejua mapema anaweza kufuatiliwa na kukingwa, na kwamba wiki ijayo tutakwenda kupimwa, yeye na mimi. Alinisikiliza amesimama.

Mwishowe akauliza kama naye atapewa namba.

“Hapana,” nikamwambia. “Wataandika jina lako, na majibu utapewa mkononi.”

Akakikunja kile kikaratasi mara mbili.

“Kumbe huwa inawezekana,” akasema, akaingia ndani kuendelea kupanga nguo za mama yake.