Mjumbe wa Sinema kutoka Nyabiyonza

Felicitas Kokwijuka alikuwa amechoka kabla hata sinema haijaingia katika maisha yake. Mumewe, Protase, alifariki akamwachia kibanja cha migomba na mibuni kilichotaka mikono mingi kuliko aliyokuwa nayo, pamoja na mama mkwe ambaye hakuweza tena kuinuka bila kushikwa. Wanawe walikwisha kuondoka, mmoja yuko Bukoba, mwingine alivuka kwenda Uganda. Asubuhi alipalilia, mchana akaenda misheni kuwafundisha wanawake kushona na kusoma Kiswahili, jioni akarudi kumenya ndizi. Watu wa Nyabiyonza, huko Karagwe, walimsifu kwamba hajui kukataa kazi, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka wa hamsini na tatu padri alimwita baada ya misa. Gari la sinema lilikuwa limeanza kuzunguka vijijini, na wazee walilalamika kwamba watoto wao wanaona mambo wasiyopaswa kuyaona. Serikali ilikuwa inatafuta mwanamke wa Kiafrika wa kuingia katika kamati ya kukagua picha huko Bukoba, na padri alikuwa amelitaja jina lake. Felicitas alikifikiria kibanja, akamfikiria mama mkwe, kisha akaitikia. Jirani yake Eustadia, mke wa Kahigi, aliahidi kumwangalia mgonjwa kila atakapokuwa safarini. Felicitas alimwambia kwamba huenda kukaa kitini na kutazama picha kukawa namna ya kupumzika.

Haikuwa hivyo. Kila alipoitwa ilimbidi atembee hadi Omurushaka, adandie lori la kahawa, akae juu ya magunia, na kufika Bukoba kwa mwanawe mgongo ukiwa umekufa ganzi. Kamati ilikutana katika ukumbi ambao madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi. Mwenyekiti alikuwa afisa wa Kizungu, na pamoja naye walikaa mke wa afisa mwingine, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na Felicitas. Nyuma yake alikaa Cassian, karani kijana kutoka Muleba, akimfasiria kwa sauti ya chini.

Cassian ndiye aliyemfundisha kazi ilivyo. Picha haiwezi kuonyeshwa hadharani mpaka ipewe cheti. Kuna cheti cha watu wote, kuna cha picha ambazo mtoto wa chini ya miaka kumi na sita asizione, na kuna cha picha ambazo Mwafrika asizione, awe mtoto au mzee. Pakiwa na mahali pabaya hukatwa kwa mkasi, ncha mbili za mkanda zikagundishwa, na watazamaji wasijue kilichokuwa pale katikati. Picha ikikataliwa kabisa hurudishwa ilikotoka, na mwenye nayo asiporidhika hupeleka malalamiko yake Dar es Salaam.

Felicitas aliuliza habari ya umri. Kwao, alisema, mtu huzaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa ndui, na msichana wa miaka kumi na mitano aweza kuwa ameolewa na ana mtoto mgongoni. Je, huyo ni mtoto au ni mama wa mtoto? Mwenyekiti alisikiliza tafsiri, akajibu kwa upole kwamba mlinzi wa mlangoni atatumia macho yake. Felicitas alijua kwamba gari la sinema huonyesha uwanjani, ambako hakuna mlango. Hakulisema hilo. Alikuwa na usingizi, na joto la ukumbi lilimlemea.

Siku hiyohiyo walitazama picha ya Wazungu waliolewa pombe wakapigana mpaka wakavunjiana viti. Ilipewa cheti cha kuzuiwa kwa Waafrika, upesi, bila mabishano. Felicitas alimgeukia Cassian akamuuliza itakuwaje kwake yeye aliyekwisha kuiona. Cassian akasema mjumbe hahesabiwi.

Ikafuata picha ya kuchekesha. Wanaume walibeba jeneza wakipanda kilima, mmoja akateleza, jeneza likawaponyoka na kubiringika, likapita sokoni na katikati ya kuku, mguu wa maiti ukiwa umetokeza nje. Waliofiwa walilikimbiza huku wakianguka mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Mke wa afisa alicheka, Mhindi akatabasamu. Cassian hakutafsiri kitu, maana hapakuwa na maneno.

Taa zilipowashwa, Felicitas aliomba kusema. Alisema picha hii ndiyo angeizuia, kuliko ile ya walevi, kwa sababu kwao hakuna nyumba isiyo na kaburi kibanjani, na maiti hachekwi. Kama haiwezi kuzuiwa, basi mahali pa jeneza pakatwe.

Mwenyekiti alimweleza, bila dharau, mambo ambayo kamati huyatazama. Picha isiidharau serikali wala dini, isifundishe wizi, isimwonyeshe askari akipigwa, isimvue mwanamke nguo. Katika hii hapakuwa na hata moja. Ikapita kwa watu wote. Felicitas akaambiwa pia kwamba mjumbe hatangazi nje nani alisema nini, kwa kuwa uamuzi ni wa kamati nzima. Akapanda lori akarudi kwake.

Msimu wa mvua ulipokwisha, homa ilimchukua mtoto wa kiume wa Eustadia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma. Wakamzika nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Felicitas alilala msibani pamoja na wanawake wengine, akapika, akachota maji, akarudi kumgeuza mama mkwe, akaenda tena. Zilikuwa hazijapita siku nyingi tangu matanga, gari la sinema lilipofika Omurushaka. Kahigi alimbembeleza mkewe waende, apate kusahau kidogo. Felicitas hakuwa na habari, kwani jioni hiyo alikuwa amelala kwa uchovu.

Yaliyotokea alihadithiwa. Elpidius, mwendeshaji wa gari, aliyezoea kuzieleza picha kwa kipaza sauti na kutia mizaha yake mwenyewe, aliweka picha ya jeneza. Uwanja mzima ulicheka. Eustadia alisimama, akapita kati ya watu waliokuwa wakishikana mbavu, akatembea peke yake gizani mpaka nyumbani.

Asubuhi alikuja kwa Felicitas. Hakuketi.

"Mama Felicitas, ile picha uliiona kabla?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

Felicitas alikumbuka alivyoonywa asitangaze ya kamati, akaona hana nguvu ya kuyashika maonyo hayo mbele ya mama aliyefiwa. "Nilisema. Hawakunisikia."

"Ungesema kwetu," alisema Eustadia. "Mimi nisingekwenda."

Aliondoka bila kuaga. Felicitas alibaki na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Mwanamke yule hakumdai azuie picha isionyeshwe dunia nzima. Alichotaka ni kuambiwa tu.

Safari iliyofuata ya Bukoba alimwomba mwenyekiti kwamba picha ya jeneza ikionyeshwa, watu waelezwe kwanza kilichomo. Mwenyekiti alisema cheti kinatosha, na kwamba ukianza kuwaeleza watu kila kitu hakuna haja ya kuwaonyesha. Walipotoka nje Cassian alimsindikiza hadi kituo cha malori. Alimwambia kwamba na yeye amechoka, kwa sababu kazi yake ni kupeleka maneno kutoka huku kwenda kule, na mengine hufika yakiwa yamekufa.

"Yule mwendeshaji wa gari hana cheti cha kumkataza mtu kusema kabla ya picha," aliongeza, akitazama pembeni.

Felicitas aliyawaza maneno hayo njia nzima juu ya magunia.

Gari lilipofika Nyabiyonza, alikwenda uwanjani mapema, jua likiwa bado halijatua. Elpidius alikuwa anafunga kitambaa cheupe kwenye miti miwili. Alimwamkia shikamoo, Felicitas akaitikia, akamuuliza atakayoonyesha. Ya jeneza ilikuwamo. Akamwomba kipaza sauti, aseme na watu kabla hajaanza. Elpidius alisita, akasema hajapewa ruhusa. Felicitas akamjibu kwamba yeye ni mjumbe wa kamati iliyoipitisha, na kama kuna kosa litakuwa lake. Elpidius akampa.

Sauti yake ilimshtua mwenyewe ilipotoka kwa nguvu vile. Aliwaambia watu, kwa Kiswahili kisha kwa Kinyambo, kwamba picha ya tatu ina jeneza linaloanguka na maiti anayeonekana mguu, na imetengenezwa ili watu wacheke. Aliyefiwa karibuni na asiyetaka kuiona aondoke ile ya pili ikiisha, na mwenye watoto aamue mwenyewe. Kijana mmoja nyuma alisema kwamba bibi amewaharibia utamu, na wengine wakacheka. Felicitas alirudisha kipaza sauti, akaenda kusimama pembeni.

Picha ya pili ilipoisha baadhi ya watu waliinuka. Mzee mmoja aliyemzika mkewe mwezi ule aliondoka na wajukuu zake. Wengi walibaki. Felicitas alishangaa kumwona Eustadia, aliyekuja na wanawake wa kanisani, naye yuko palepale ameketi majanini. Akamwendea akainama, akamnong'oneza kwamba ndiyo inaanza.

"Najua," alisema Eustadia. "Leo najua inakuja. Naweza kuitazama."

Aliitazama mpaka mwisho. Hakucheka, wala hakulia, na walirudi nyumbani pamoja.

Habari zilifika Bukoba, kama habari zinavyofika. Padri alimwambia Felicitas kwamba imeonekana amevunja utaratibu, na kwamba kiti chake amepewa mama mwingine, anayekaa mjini na hahitaji lori. Padri alionekana kuona haya kwa niaba yake. Felicitas alimwambia asihangaike.

Alirudi kibanjani. Kwa muda wa wiki nzima watu walimpa pole kama mtu aliyeachishwa kazi, naye akawajibu kwamba mama mkwe anahitaji kuogeshwa. Baadaye alisikia kwamba Elpidius, kila alipofika upande wa Karagwe, alianza yeye mwenyewe kuuliza kama kuna msiba karibu kabla hajachagua picha. Eustadia ndiye aliyemletea habari hiyo, pamoja na kikapu, kwa kuwa buni zilikuwa zimeanza kuiva na alikuja kumsaidia kuchuma.