Bakuli la Mokami

Muulize mtu yeyote wa Machochwe, atakuambia Mokami ni yule mama wa kule mwisho karibu na hifadhi, ambaye tembo wakiingia shambani haiti mtu. Anatoka mwenyewe na debe lake, analigonga mpaka wageuke. Mwanamke wa shoka. Kazaliwa Nyambureti, kaolewa na Nashoni, na tangu wampate mtoto wao wa kwanza hajawahi kumtaja mumewe kwa jina, ni Baba Brayan tu, kwa heshima. Mwanamke wa namna hiyo ndiye waliyemwita mtia sumu. Jamani!

Chanzo ni tumbo la Nashoni, na tusidanganyane, lilijitakia. Kwa kina Nashoni mwanaume hali nyumbani kwake. Jioni ndugu wote wanakutana uani kwa kaka yao mkubwa, Kisyeri, na kila mke anapeleka ugali na bakuli lake la mboga. Kila bakuli lazima liguswe, maana ukiliruka la shemeji yako umemtukana mbele za watu. Na bakuli halirudi na chakula. Kinachobaki anakimaliza mdogo wao. Huyo mdogo ni Nashoni, mtu mzima mwenye mvi za kutosha, bado anafuta mabakuli! Nyama ya mafuta, utumbo wa kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya ng'ombe, maziwa mgando juu yake, halafu huyo nyumbani, anajitupa kitandani.

Usiku ndipo tumbo linamshika. Linaanzia kulia chini ya mbavu, linapanda mpaka begani. Anajikunja, anatapika, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Mokami anamshika, anamchemshia maji, na kila mara anamwambia lile lile: "Baba Brayan, punguza kula usiku. Yale mafuta achana nayo." Kukicha mgonjwa hana neno, anafungulia ng'ombe.

Sasa kuna wifi yake, Bhoke, dada wa hao ndugu, ameolewa jirani tu na habanduki pale. Siku moja akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni. "Wote mnakula pamoja, wote mnalala salama. Huyu peke yake ndiye analia usiku. Analia akiwa kwa nani? Na huyo mke anajuaje kwamba apunguze kula? Anajua alichoweka!"

Kha! Mtu anamwonya mumewe asijiue kwa shibe, onyo linageuzwa ushahidi. Lakini maneno yaliingia. Jioni hiyo bakuli la Mokami lilirudi kama lilivyokwenda, hata tonge halijachovywa. Kesho yake hivyo hivyo. Watoto wake ndio walilibeba kurudi nalo, huku majirani wanatazama. Na Nashoni alikuwa wapi? Alikuwa palepale, ananyonya mfupa.

Mwishowe Kisyeri akamwita Mokami. "Shemeji, nenda kwanza kwenu mpaka mambo yatulie. Watoto waache."

Mokami akamgeukia mumewe. Alitaka neno moja tu, lolote. Nashoni akainamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Shemeji, naondoka," Mokami akasema. "Ila sumu siijui. Najua kupika." Akafunga nguo zake kwenye kanga, akaenda Nyambureti huku amebanwa na hasira hata machozi hayatoki.

Bhoke akafurahi kweli. Akamchukua mdogo wake nyumbani kwake ale chakula salama, akachinja mbuzi. Nashoni akala mpaka akalegeza mkanda. Usiku ule tumbo likaja na nguvu zote, akagaagaa kwenye sakafu ya dada yake, Bhoke analia kuliko mgonjwa. Mume wa Bhoke, mzee Mniko, mtu asiyependa maneno mengi, akatazama mifupa, akamtazama mkewe.

"Na wewe," akasema, "umemwekea nini?"

Bhoke akainama, akaanza kuiokota ile mifupa.

Asubuhi wakampeleka hospitali ya mjini, akapigwa ultrasaundi. Mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari akamuuliza jioni anakula nini na kiasi gani. Nashoni akaeleza, na alipofika kwenye kichuri daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia afanyiwe upasuaji, na mpaka hapo aache mafuta na aache kulalia shibe. Maneno ya Mokami yale yale!

Ndugu wakaenda Nyambureti kumfuata. Kisyeri kavua kofia, anasema shetani aliwapitia. Shetani! Shetani hajawahi kukaa pale uani wala hajawahi kurudisha bakuli la mtu. Mokami alirudi kwa ajili ya watoto, na alisema hivyo hivyo waziwazi.

Jioni ya siku hiyo akapika mchicha na ugali kidogo, akalibeba bakuli mwenyewe hadi uani, akaliweka katikati, akasimama. Wanaume wakatazamana. Jibu la hospitali wanalo, aibu wanayo, na bado kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze! Nashoni akalivuta, akachovya tonge, akala haraka haraka.

"Tamu, Mama Brayan," akasema, akijaribu kutabasamu.

"Nashoni," Mokami akaita.

Watu wakamgeukia. Hata Bhoke, aliyekuwa amekaa pembeni, akainua uso.

"Mdomo wa kulia mabakuli ya ukoo mzima ulikuwa nao, Nashoni. Wa kusema mke wangu hana kosa, huo hukuwa nao."

Kisyeri akanyoosha mkono akachovya, na wengine wakafuata, mpaka bakuli likaisha. Mokami akalichukua, akaenda zake kuliosha. Nashoni ameshapasuliwa na analala vizuri. Jina la Baba Brayan hajalisikia tena kwa mkewe mpaka leo.